Mwaka mzima kwenye vilima vya Uskoti ambavyo hakuna anayevitaja

Nyumbani kwetu ni Lushoto, sasa hivi naishi Stirling, katikati ya Uskoti, mwaka wa tano huu, nafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Lushoto naitaja makusudi, maana mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Usambara akiona kilima kimefunikwa wingu moyo wake unakwenda kule, hawezi kukaa ndani. Huku watu wakikwambia wanapanda milima mara nyingi wanamaanisha ile inayoitwa Munro, yaani yote ya kuanzia futi 3,000, mita 914 hivi, ni kwa jina la bwana Hugh Munro aliyetoa orodha yake mwaka 1891, leo ipo 282 na kuna watu wanaihangaikia maisha yao yote mpaka waimalize. Mimi sina gari, siku zangu za mapumziko zinaruka ruka, afu vile vilima vya chini ndo vinavyonitazama kila siku kutoka dirishani. Nikasema mwaka huu ni wao. Nilikuwa naandika kwenye simu jioni ileile nikirudi, kwa hiyo mengine ni marefu na mengine nilikuwa nimechoka.

Januari 13, Ben Cleuch, mita 721. Sikufika.

Basi la asubuhi mpaka Tillicoultry. Hiki ndo kirefu kuliko vyote kwenye safu ya Ochil, na njia inaanzia hapohapo nyuma ya kijiji, unaingia kwenye korongo la Mill Glen, madaraja ya mbao, maji yanaporomoka huku na huku, leo mwamba wote umening'inia barafu kama mishumaa. Ukitoka korongoni vijito viwili vinakutana na mgongo wa The Law unaanza hapo, na ukianza umeanza, hakuna kona wala mzunguko, ni kupanda tu mpaka mkono unashika majani.

Nimefika juu ya The Law, mita 638, theluji ya kufika kwenye vifundo, bado naona mto Forth kule chini. Nikanywa chai. Sijafunga hata kifuniko cha chupa wingu likashuka. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile, ukungu wa kwetu una rangi, unaona mti, unaona kivuli cha mti, huu hauna kitu. Theluji ya chini na wingu la mbele ni rangi moja, ukitupa macho huwezi kujua mbele ni mteremko au ukuta, nikawa naangalia buti zangu tu kwa sababu ndo kitu pekee chenye umbo. Nikatoa simu niangalie ramani, chini ilikuwa na chaji asilimia 60, nikaigusa mara mbili ikazima yenyewe kwa baridi.

Kuna uzio wa waya unaotoka pale unaelekea kileleni, imebaki kama kilomita moja. Niliushika ule waya. Barafu imeota upande mmoja tu, upande unaotokea upepo, unene wa vidole vitatu, na imejipanga kama manyoya ya ndege. Nilikaa pale muda mrefu nimeshika waya. Ningeufuata pengine ningefika, lakini sina ramani ya karatasi, sina dira, na hakuna mtu anajua niko wapi zaidi ya dereva wa basi. Nikageuka. Kushuka ule mgongo kwenye theluji magoti yalinitetemeka mpaka chini.

Januari 15

Nimemsimulia jirani yangu, mzee wa miaka 78, amepanda maisha yake yote mpaka magoti yalipokataa. Hakunigombeza. Kaingia ndani katoka na dira na ramani ya karatasi ya Ochil, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa laini kama kitambaa, akanipeleka kwenye uwanja wa mpira wa watoto nyuma ya nyumba, tukapima mita 100 kwa kamba. Akasema tembea kawaida, kila mguu wa kushoto ukigusa chini hesabu moja. Nikapata 68. Akanirudisha mara sita, ikawa 68, 67, 68. Hiyo ndo rula yako, kaniambia, kwenye wingu unajua unaelekea wapi kwa dira na umeenda umbali gani kwa mguu. Kanifundisha na hesabu ya muda ya bwana Naismith ya mwaka 1892 ambayo kwa kipimo cha leo watu wanaichukua hivi, saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kumbe Ben Cleuch kwenda na kurudi ni saa tatu na kidogo bila kupumzika, na Januari mchana ni mfupi. Mimi nilianza kupanda saa tano na nusu.

Februari 17, Dumyat, mita 418

Hiki kiko jirani kabisa, ni cha mwisho wa Ochil upande wa magharibi, na jina lake linatokana na ngome ya watu walioitwa Maeatae enzi za Warumi. Upepo leo ulikuwa wa kukaa chini. Sio maneno, mita mia za mwisho nilikaa mara mbili nikasubiri upite. Juu kuna kapu la chuma la kuwashia moto wa ishara na nikajibanza hapo, machozi yanatoka kwa upepo, na huku chini Forth unajikunja na kurudi kama utumbo, sehemu nyingine mto unakaribia kugusana wenyewe. Nilikuwa na kanga shingoni chini ya jaketi, na kwa kweli kwa upepo hakuna skafu ya dukani inaishinda, unaizungusha mara tatu na unabaki na kipande cha kufunika mdomo.

Machi 16, Tinto, mita 711

Tumeenda wanne kwa gari la mwenzetu wa kazini. Njia ni pana na inaonekana kutoka mbali, rangi ya pinki pinki, ndo rangi ya jiwe lenyewe la huko. Tumepigwa jua, mvua ya mawe, jua, theluji laini, jua tena, yote ndani ya saa mbili, yaani unavua jaketi mkono mmoja haujatoka unavaa tena. Kileleni kuna rundo la mawe kubwa sana, ni kaburi la zama za shaba, watu walibeba mawe yale mpaka huku juu kabla hakujawa na Stirling wala Glasgow. Nilizunguka taratibu. Wenzangu walikuwa wanapiga picha, mimi sikutaka kupanda juu yake.

Aprili 20, West Lomond, mita 522

Kilima kirefu kuliko vyote Fife na siku nzuri kuliko zote mpaka sasa. Kavu, anga safi, kipozamataza anaimba juu kwa juu humwoni. Wanakondoo kila mahali, wengine bado wana namba ya rangi mgongoni inayolingana na ya mama yao. Hapa niseme jambo ambalo nalipenda sana kuhusu nchi hii, kuna sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu karibu kila sehemu ya nchi, mashamba ya watu, milima ya matajiri, ilimradi upite kwa ustaarabu, ufunge geti ulilolikuta limefungwa na usisumbue mifugo. Hakuna wa kukuuliza wewe nani na umetokea wapi. Kwa mtu mgeni kama mimi hiyo ni kubwa. Msimu huu wa kuzaa kondoo nazunguka mbali nao, hata kama njia inapita katikati yao.

Mei 25, Criffel, mita 569

Kusini, karibu na mpaka wa Uingereza, siku mbili na rafiki yangu wa Nairobi anayesoma Glasgow. Criffel kinasimama peke yake juu ya bahari ya Solway kwa hiyo kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Njia ya matope, matope kweli, udongo mweusi wa mboji unaomeza buti mpaka kamba, na juu tukakaa kwenye wingu nusu saa tunasubiri. Likafunguka dakika kama nne hivi. Tukaona mchanga wa Solway maji yameondoka, njia za maji zinang'aa kwenye mchanga kama mishipa mkononi, na ng'ambo milima ya Uingereza. Afu likafunga.

Chini, kijiji cha New Abbey, kuna magofu ya kanisa la mawe mekundu. Mwanamke anaitwa Dervorguilla alilianzisha mwaka 1273 kwa kumkumbuka mumewe John Balliol, na moyo wa mumewe aliukausha akautunza kwenye kisanduku, akatembea nao mpaka alipokufa, wakazikwa pamoja. Rafiki yangu alikaa kimya njia nzima ya kurudi hotelini, mwaka jana alifiwa na mama yake.

Mei 26, Queensberry, mita 697, na Penpont

Kilima kipana cha nyasi, wingu toka chini mpaka juu, hatujaona kitu. Lakini dira imefanya kazi! Nimehesabu hatua mpaka mlundo wa mawe ukatokea mbele yetu, mita 20 tu tumeenda kombo.

Tukiwa njiani nikaomba tupitie Penpont. Ni kijiji kidogo, barabara moja kubwa, nyumba za mawe. Hapa alizaliwa Joseph Thomson mwaka 1858. Kama umewahi kusema swala tomi, yule swala mdogo wa Serengeti mwenye mstari mweusi ubavuni, umeshalitaja jina lake bila kujua, na yale maporomoko ya Nyahururu wakoloni waliyaita Thomson's Falls. Alikuwa na miaka 21 alipotoka Dar es Salaam mwaka 1879 na msafara wa kwenda maziwa makuu, kiongozi wake Keith Johnston akafia njiani Behobeho, kijana akaubeba msafara mpaka Nyasa na Tanganyika na kurudi. Na aliweza kwa sababu msimamizi wa wapagazi alikuwa Chuma, huyuhuyu Chuma aliyebeba maiti ya Livingstone na kina Susi mpaka Bagamoyo. Nilisimama pale barabarani mvua inaninyeshea nikawaza wale wapagazi, wanatembea na mzigo kichwani miezi na miezi, hakuna buti, hakuna jaketi la kuzuia mvua, na vilima vyao hakuna kilichoitwa kwa jina la hata mmoja wao. Mwenzangu wa Nairobi akaniambia, dada twende tutachelewa treni. Tukaenda, lakini kuanzia leo nikifika kwenye rundo la mawe la kileleni nitaweka jiwe moja dogo kwa ajili ya Chuma, sijamwambia mtu, naandika hapa tu.

Juni 20, njiani kwenda Assynt

Kaskazini magharibi kabisa, siku tatu za likizo. Tumesimama Knockan Crag. Hapa unaweza kuweka kiganja kwenye mwamba ambapo jiwe la zamani limekaa juu ya jiwe jipya, kinyume, kwa sababu ardhi ilisukumwa ikapanda juu ya nyingine. Wataalamu waligombana miaka na miaka, mpaka Ben Peach na John Horne wakatembea milima hii kwa miguu wakaichora ramani yote wakaonyesha ilivyokuwa, kitabu chao kikubwa kikatoka 1907. Nilipitisha kidole kwenye ule mstari. Chini jiwe la rangi ya maziwa, juu jeusi lenye matabaka kama chapati.

Juni 21, Canisp, mita 847

Kila mtu hapa anakuja kwa ajili ya Suilven, jirani yake, mita 731, maarufu, inapigwa picha kila dakika. Canisp imeipita kwa urefu na leo tumekutana na watu wawili tu.

Mwanzo ni bwawa bwawa kutoka kwenye kiziwa kando ya barabara, na hapo ndo usubi walitukuta. Watu wa pwani mnajua mbu, hawa ni wadogo kuliko punje ya mchele iliyovunjika, hawana sauti, wanakuja elfu kwa pamoja na wanaingia mpaka ndani ya kope. Ukisimama umekwisha, ukitembea upepo ukavuma kidogo wanapotea. Kwa hiyo tulitembea. Juu ya mita 400 nyasi zinaisha, unakuwa unakanyaga mabamba makubwa ya jiwe jeupe yaliyolala kama sakafu, mvua ikapita ikayalowesha na jua likatoka nyuma yake, mteremko mzima ukawaka. Nilisimama katikati ya ule weupe nikahisi niko juu ya chumvi.

Kileleni upepo safi, hakuna wingu hata moja. Suilven mbele yetu ubavuni kabisa. Ukiiona kutoka kijiji cha Lochinver ni kama kifuniko cha chungu, kutoka hapa ni ukuta mwembamba mrefu kama meli iliyotia nanga, na chini yake ile nchi ya mawe ya kijivu yenye vibwawa mamia, mawe ambayo mengine yanakaribia miaka bilioni 3. Tulikaa saa moja na nusu. Hatukuongea sana. Usiku saa nne na nusu ndo jua linazama, na hata likizama giza halikuja, niliamka saa saba nikaona rangi ya chungwa bado iko kaskazini.

Juni 22

Mvua siku nzima. Nilikuta kupe wawili nyuma ya goti, nimewatoa kwa kibano taratibu bila kuwaminya, tarehe nimeandika, maana wana ugonjwa wao hapa na ukiona duara jekundu unakimbia hospitali.

Julai

Zamu, mvua, wenzangu wawili wagonjwa. Sikupanda kitu.

Agosti 17, Bennachie

Aberdeenshire. Kilele cha Mither Tap ni mita 518 na sio cha juu kabisa, Oxen Craig kinakizidi mita kumi, lakini ndo chenye ngome ya mawe ya kale, unapita mlangoni kati ya kuta zilizobomoka. Vile vichaka vifupi vya Uskoti vyote vimetoa maua, kilima kizima zambarau na kinanuka asali. Nyuki kila mahali. Nimeokota matunda meusi madogo mpaka vidole vikawa bluu.

Septemba 14, Meall a' Bhuachaille, mita 810

Jina lake kwa Kigaeli ni kilima cha mchungaji na nilikipenda kwa jina kabla sijakiona. Msitu wa misonobari ya kale, ziwa dogo la kijani, kijani cha chupa, afu kibanda cha mawe cha Ryvoan ambacho hakifungwi, yeyote anaweza kulala bure. Ndani mtu kaacha viberiti na pakiti ya uji kwa atakayekuja. Nami nikaacha majani ya chai na tangawizi ya unga. Kileleni wingu.

Oktoba 12, Beinn Odhar, mita 901

Juu ya Tyndrum, kijiji kidogo chenye stesheni mbili za treni. Kimekosa kuwa Munro kwa mita 13 hivi na kwa hizo mita 13 watu wanapita chini yake mamia kwa njia ya West Highland Way bila kuinua kichwa. Mwinuko ni wa kukata pumzi. Lakini sauti! Kulungu madume wako kwenye msimu wao, wanaunguruma kutoka upande mmoja wa bonde na mwingine anajibu, sauti ya koo kavu, mara ya kwanza nywele zilinisimama, mwili uliokulia Tanzania ukisikia ngurumo ile haujiulizi ni mnyama gani. Mvua ya mawe imetukuta juu, tumeteremka mgongo tukiipa.

Novemba 23, Dumyat tena

Nilitoka zamu ya usiku asubuhi, baridi, Stirling yote ndani ya ukungu huoni taa ya barabarani ya pili. Mzee jirani alikuwa nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akanitazama akaniambia usilale, panda Dumyat sasa hivi. Nikapanda na nguo za kazi chini ya jaketi. Kwenye mita 150 hivi nikatoka juu yake. Bahari nyeupe kuanzia miguuni mpaka mwisho wa macho, haitikisiki, ncha tu ya mnara wa Wallace imechomoza kama kidole. Na upande wa kaskazini ambako ukungu ulijaa bondeni, jua likiwa mgongoni kwangu, kivuli changu kikalala juu ya ukungu, kirefu mno, na kichwa kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Nikainua mkono, nacho kikainua. Nilijua kwamba ni mwanga unarudi kutoka kwenye vitone vya maji, nimeshasoma, lakini nilisema Subhanallah kwa sauti na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Desemba 21, Ben Cleuch

Siku fupi kuliko zote. Jua linatoka saa tatu kasorobo, linazama saa tisa na dakika 40. Nimemwachia mzee karatasi, njia niliyoandika, saa ya kurudi, na namba ya kupiga nikichelewa. Utabiri wa milimani umesema wingu juu ya mita 500 na upepo wa wastani. Simu mfukoni ndani karibu na mwili, tochi ya kichwani, ramani kwenye mfuko wa plastiki ambao ulishapasuka pembeni.

Saa tatu kamili niko korongoni. The Law ileile, majani yaleyale ya kushika. Theluji kidogo tu, lakini wingu limenisubiri palepale, kama limehamia pale tangu Januari. Nikashika uzio. Manyoya ya barafu yapo, madogo leo, unene wa kidole. Nikaweka dira kwenye ramani, nikazungusha, nikasubiri sindano itulie, nikaanza kuhesabu huku waya uko kushoto kwangu. Kwenye theluji 68 yangu inakuwa 80, nilishaipima. Kila mia nakunja kidole kimoja ndani ya glavu. Kidole cha sita, ardhi ikalala. Cha tisa, ikainuka tena. Vidole vikaisha nikaanza upya, afu kuna kitu cheusi mbele, nikadhani mtu, nikakaribia, ni ukuta mdogo wa mawe wa kujikinga upepo, na pembeni yake nguzo ya wapima ramani.

Nilivua glavu nikaiwekea nguzo mkono. Zege baridi mpaka mfupa.

Kuna bamba la kuonyesha milima inayoonekana kutoka pale, nikapangusa barafu kwa kanga, jina baada ya jina, mishale kila upande. Hakuna hata mmoja uliokuwa unaonekana. Nikatoa dira nikageuka mashariki, West Lomond. Kusini, mbali, Tinto. Kusini magharibi, Dumyat, hapo karibu kabisa. Kila nilipogeuka nilikuwa natazama weupe uleule na najua kuna nini nyuma yake, na mguu wangu umeshafika. Nikanywa chai ya tangawizi nimesimama. Nikaweka jiwe moja dogo juu ya ukuta.

Saa nane na robo niko kituo cha basi Tillicoultry, mvua imeanza. Mzee alikuwa dirishani, akanyoosha kidole gumba, akafunga pazia. Ramani yake iko juu ya hita inakauka, na pale mkunjo unapopita kwenye Ben Cleuch karatasi imetoboka.